Tulimfungia Mlango Aliyetaka Kulipa

Sogea karibu, mwanangu, na hiyo simu iweke kifudifudi mezani ili tusikilizane. Najua kazi yako ni kutengeneza mifumo ya mtandaoni, na najua umekuja kwangu kwa heshima. Lakini juzi mwenzako mmoja, kijana mzuri tu, aliniuliza swali lililonikaa kooni kama mwiba wa samaki changu. "Mama," alisema, "wewe uliyeifanya kazi hii muda mrefu, tuwape watu mfumo bure kwa muda gani ndipo tuwafungie?"

Tuwafungie! Alilitamka neno hilo huku anatabasamu, kama mtu anayeuliza wali unaiva baada ya muda gani.

Yule sikumjibu vizuri. Nilimwambia akanywe maji. Wewe nitakujibu kwa utaratibu, kwa sababu hasira isiyoelezwa hugeuka matusi, na mimi sikusomea matusi, nilisomea ukarani.

Mimi ni mzaliwa wa Songea. Mafia nilifika nikimfuata mume wangu, tabibu aliyehamishiwa Kilindoni. Nilifanya ukarani pale mjini miaka mingi, hata mtandao wa simu ulipoanza kushika vizuri, kampuni moja ndogo ya Dar es Salaam ikanichukua niwe mtu wao kisiwani. Hifadhi ya bahari ilikuwa imeshazoeleka. Wageni walilipa kiingilio getini, wakaogelea na papa potwe, wakavuka kwenda visiwa vidogo vya jirani kutazama popo wa Chole, kasa wanaototolewa Juani na magofu ya Kua. Wenyeji nao wakaanza kujenga vyumba vya wageni, viwili hapa, vitatu pale.

Kampuni yetu iliwatengenezea mfumo wa kupokea wageni. Mgeni anaomba chumba kwa simu yake huko aliko, mwenye nyumba anaona nani anakuja, lini, kwa ndege ipi, na nahodha wa boti naye anapata ujumbe. Mfumo wa kawaida ulikuwa bure. Aliyetaka zaidi, kama vyumba vingi au boti nyingi, alilipia kila mwezi. Kazi yangu ilikuwa kuwatoa watu kwenye bure na kuwaingiza kwenye kulipa. Mpaka leo nikipita sokoni Kilindoni naitwa Mama Mfumo. Jina la mwanangu wa kwanza hakuna anayelikumbuka.

Ofisini walisema "kuwageuza". "Mama, mwezi huu umegeuza wangapi?" Kama vile watu ni chapati.

Nikueleze nilivyoanza. Mtu wangu wa kwanza Chole alikuwa Bi Zuhura, mama mtu mzima aliyenizidi umri, mwenye nyumba ya vyumba vinne na sauti ya kumwita mtu aliye kisiwa cha pili. Nilivuka kwa boti kutoka Utende, kijiji cha pwani ya kisiwa kikubwa, na mkoba wangu, nikabisha hodi.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba, mwanangu, karibu. Leo mmetuletea chanjo gani?"

"Si chanjo, Bi. Nimeleta mfumo wa kupokea wageni. Ni bure."

"Bure?" Alinitazama toka kichwani mpaka kwenye kandambili. "Kwani kwenu kuna harusi?"

Mtoto wa kaka yake, Salumu, nahodha wa boti yao, alikuwa mlangoni na dumu la petroli. Alicheka mpaka akaliweka chini.

Lakini Bi Zuhura hakuwa anatania. Mtu mzima anayeambiwa kitu ni bure hujiuliza anayelipa ni nani, na asipoambiwa hujua kwamba anayelipa ni yeye, ila bado hajaonyeshwa wapi. Kwa hiyo nilimweleza waziwazi: kampuni inawapa wengi kidogo bila malipo, ikitumaini wachache watakaokua watataka zaidi na kulipia, na hao ndio wanaobeba gharama za wote. Alisikiliza, akavuta mkeka. "Sasa umesema neno. Keti."

Lishike hilo. Usimfiche mtu wa bure namna unavyokula wewe. Ukimficha leo, siku utakapomwomba alipe ataona umemtega.

Nilikaa naye siku nyingi. Nilijifunza kwamba simu yake inashika mtandao ikiwa kwenye dirisha la jikoni tu, na kwamba anaigusa na vidole vyenye tui la nazi. Vitufe vyetu vilikuwa vidogo kama punje za mtama. Niliandika Dar wavikuze. Wakavikuza, na watu wa Utende na Juani wakanishukuru mimi, wasijue kwamba waliyepaswa kumshukuru ni mama anayekuna nazi Chole.

Sasa sikiliza jambo ambalo hukufundishwa darasani. Unajuaje kwamba mtu wa bure amekaribia kulipa? Mnahesabu amefungua mara ngapi, amebonyeza wapi. Sawa, hesabuni. Mimi nilikuwa na kipimo changu. Siku moja mfumo ulilala tangu asubuhi. Salumu akanipigia.

"Mama Mfumo, shangazi anakusema vibaya huku."

"Anasemaje?"

"Anasema umempa baiskeli, alipozoea kuipanda umekuja kuchukua magurudumu."

Nilifurahi, wallahi, na wala mimi si mtu wa kuapa wallahi. Anayekugombeza mfumo ukilala, mfumo umeshakuwa sehemu ya kazi yake. Anayenyamaza bado hajaanza kuutumia, hata kama amejisajili mwaka mzima. Mfuate anayekugombeza. Huyo ndiye mteja wako.

Na huyo mteja wangu alikuja mwenyewe. Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia, kwa hiyo nikueleze polepole.

Huku pwani chombo hakirudi kitupu. Jirani akikuletea futari kwenye bakuli, humrudishii bakuli lililooshwa likang'aa basi. Unatia kitu: ndizi, mayai, hata sukari kidogo. Mimi wa Songea sikulijua hilo. Ramadhani yangu ya kwanza Kilindoni jirani aliniletea tambi, nikaliosha bakuli lake kwa uangalifu mkubwa, nikalirudisha linameremeta, nikijiona mwanamke msafi kuliko wote mtaani. Alilipokea kama mtu aliyepokea barua ya talaka. Mtu mwingine ndiye aliyenieleza baadaye kwamba chombo kitupu maana yake ni tuishie hapa. Nilirudi mbio na sahani ya kashata.

Kwa hiyo kampuni iliponitumia hotipoti za bluu zenye jina lake, niwagawie watumiaji wa mwanzo, ile ya Bi Zuhura sikumpelekea tupu. Niliijaza maandazi. Aliipenda. Ilikuwa ikitoka siku za wageni wakubwa na siku za maulidi.

Baada ya muda aliniita.

"Mwanangu, chombo cha watu kimekaa kwangu siku nyingi. Naona haya."

Nilidhani anasema hotipoti. "Bi, ile ni zawadi."

"Nasema huo mfumo. Nimeutumia, nimepata wageni, nimewaambia wenzangu wa Juani na Utende, nao wanautumia. Sasa nataka kulipa kama watu wengine. Nilipe wapi?"

Umesikia? Sikumbana. Sikumtisha. Hakufungiwa kitu. Mtu mwenyewe anauliza alipe wapi! Katika kazi hii hakuna sentensi tamu kuliko hiyo, na ukiisikia unapaswa kukimbia.

Tulikwenda dirishani, tukabonyeza sehemu ya kulipia. Ikadai namba za kadi ya benki.

"Kadi ipi?" aliuliza. "Ninayo ya kupigia kura, na ya kliniki."

Hapakuwa na njia nyingine. Chole nzima watu walikuwa wakilipana kwa simu, samaki kwa simu, nauli kwa simu, mchango wa msiba kwa simu, na mfumo uliotengenezwa na Watanzania kwa ajili ya watu hao hao unadai kadi ya benki! Niliandika Dar siku ile ile. Mkuu wetu alikuwa kijana aitwaye Deo, mwenye akili nyingi na haraka zaidi ya akili. Akajibu: "Asante, Mama. Tumeliweka kwenye mpango." Nikaandika tena. Liko kwenye mpango. Nikapiga simu. Mpango.

Na unajua kwenye taarifa zao Bi Zuhura aliandikwaje? Mtumiaji wa muda mrefu asiye na nia ya kulipa.

Basi ukafika msimu wa potwe, ndege zinashuka Kilindoni zimejaa. Asubuhi moja Salumu akapiga, na safari hii hakuwa na mzaha. "Mama, njoo. Imefungwa."

Nilishika bodaboda mpaka Utende. Maji yalikuwa yamekupwa, nikaifuata boti kwa miguu, kandambili mkononi. Bi Zuhura nilimkuta ameketi kizingitini. Ndani mashuka yalikuwa yametandikwa, pweza ameshapondwa. Alinipa simu. Palikuwa na maandishi mekundu: "Muda wako wa bure umekwisha. Lipa ili uone wageni wako."

Wageni wako! Yaani waliandika wenyewe kwamba ni wake. Majina, siku za kufika, ndege, simu zao, vyote vilikuwa nyuma ya maandishi yale mekundu, na mlango pekee wa kutokea ulikuwa ile kadi ya benki.

Nilimpigia Deo, nikaweka sauti ya nje ili kila mtu asikie.

"Deo, fungua."

"Mama, shikamoo. Huu ni uamuzi mpya wa kampuni nzima, bure sasa ina mwisho. Wenye zaidi ya muda uliopangwa wamefungiwa wote."

"Huyu anataka kulipa! Nimekuandikia mpaka vidole vimechoka!"

"Basi alipe, Mama. Mbona rahisi?"

"Kwa kadi gani?"

"Labda wewe umlipie kwa kadi yako, halafu mtaelewana. Mama, takwimu zinaonyesha mtu akibanwa msimuni analipa."

"Hata mkaba koo akikubana unalipa! Ndiyo biashara hiyo?"

Nilishafungua mkoba nitoe kadi yangu. Lazima nikiri kwamba wakati ule niliwaza wageni tu. Bi Zuhura akaushika mkono wangu.

"Usinilipie."

"Bi, ni kitu kidogo. Wageni wako wako njiani."

"Jana ningelipa, ingekuwa bei. Leo mtu ameshika wageni wangu, ananiambia toa nikupe. Hiyo ni fidia ya kukomboa mateka." Akaiinamia simu, akasema na Deo moja kwa moja, kwa upole kabisa. "Mwanangu, hujambo? Mimi ndiye Zuhura. Sina ugomvi nawe. Nipe majina ya watu wangu tu, kisha uufunge mfumo wako, uukalie."

"Mama, naomba nikupigie baadaye," Deo alisema. Hakupiga.

Kwa hiyo tulikwenda uwanja wa ndege. Salumu aliandika jina la nyumba yao kwenye ubavu wa boksi la maji, na Bi Zuhura, mwanamke wa umri ule, alisimama kwenye jua na kanga zake mbili akimfuata kila mgeni anayeshuka. "Chole? Chole?" Wengine walimpisha wakidhani anauza kitu. Mwenye nyumba, anayewatandikia watu mashuka kwa mkono wake, anapishwa kama mtu anayewasumbua. Nilisimama kando yake nikiwa nimevaa fulana ya kampuni. Niliingia chooni, nikaivua, nikaigeuza ndani nje.

Siku ile tuliwapata mume na mkewe, wazee wawili wapole, nao walifurahi mno kupokelewa. Kesho yake Bi Zuhura aliamka kichwa kinamuuma kwa jua, hakuweza kusimama, na Salumu yuko baharini na wale wazee, nami sikupata habari mpaka jioni. Familia iliyokuwa imeomba vyumba vilivyobaki ikashuka, ikatazama huku na huku, ikachukuliwa na dereva kwenda kwingine. Wakaandika mtandaoni kwamba mwenye nyumba hakutokea, na kwamba watu wasimwamini.

Maneno hayo yapo mpaka leo. Fedha za vyumba alizipata misimu mingine. Jina lake nani atamrudishia? Mama ambaye hajawahi kumwacha mgeni mlangoni ameandikwa hivyo mbele ya dunia, na walioifunga milango walikuwa Dar kwenye kiyoyozi wanasherehekea. Ndiyo, walisherehekea. Wiki ile waliolipa walikuwa wengi. Deo alinitumia picha ya keki.

Walilipa kama anavyosema Bi Zuhura, fidia. Kila mmoja alinakili majina ya wageni wake, msimu ulipokwisha akaondoka. Juani wakaondoka. Utende wakaondoka. Deo akashangaa. Akaja Mafia mwenyewe kuuliza kwa nini.

Nikampeleka Chole. Sikumweleza kitu njiani, nilitaka aone. Bi Zuhura alimpokea kama anavyompokea kila mtu. Akampa wali wa nazi na mchuzi wa pweza, akamuuliza habari za wazazi wake, akamwongezea bila kuombwa. Deo alikula mpaka akafungua kishikizo. Alizungumza juu ya maboresho, na Bi Zuhura aliitikia, "Haya, mwanangu. Haya."

Tulipoaga, aliingia ndani akatoka na ile hotipoti ya bluu. Ilikuwa imesuguliwa ikang'aa. Akampa Deo kwa mikono miwili. Deo akafungua kifuniko, akachungulia, akafunga.

"Asante sana, Mama! Umeitunza vizuri!"

"Nenda salama, baba."

Mimi niliangalia pembeni. Botini Deo aliipakata hotipoti yake mapajani, amefurahi. "Mmeona? Hana kinyongo kabisa. Nadhani atarudi."

Salumu alikuwa nyuma kwenye injini, na hakugeuza hata shingo. "Bosi, umefukuzwa. Tena umeshukuru."

Deo akanitazama. Ndipo nikamweleza, neno kwa neno kama nilivyokueleza wewe: bakuli la tambi, chombo kisichorudi kitupu, haya aliyoiona mama yule kwa kutumia kitu cha watu bila kurudisha kitu. Nikamwambia kwamba watu wa visiwa hivi hawakuhitaji kubanwa hata kidogo. Walikuwa wanabeba deni moyoni na kutafuta pa kuliweka, na kampuni yake haikuwawekea pahali. Badala yake iliwanyang'anya sahani wakati wageni wao wamekaa mkekani.

Lakini siwezi kumsingizia, alifanya kazi. Malipo ya simu yaliyokaa kwenye mpango yakaanza kufanya kazi upesi kuliko nilivyotarajia, kumbe kazi yenyewe ilikuwa ndogo, na hilo nalo lilinikasirisha upya. Kikawekwa kitufe cha mtu kuchukua majina ya wageni wake wote wakati wowote, awe analipa au halipi. Waliochukua wakaondoka walikuwa wachache. Wengi walijua mlango uko wazi, wakakaa, wakalipa. Juani walirudi karibu wote.

Bi Zuhura hakurudi. Wageni wake siku hizi wanampigia Salumu. Nikivuka kumwamkia ananitilia chai, ananiuliza habari za wajukuu, na siku moja tu, bila mimi kumuuliza, alisema: "Mfumo wako ulikuwa mzuri, mwanangu. Ila mlinifungia mlango nami nimo ndani ya nyumba yangu."

Nimestaafu na maneno hayo. Ukiniuliza kwa nini nafoka ninaposikia "tuwafungie", ni kwa sababu namwona bado pale uwanjani, na lile boksi la maji, anauliza "Chole? Chole?"

Lakini wewe una akili na una moyo, nakuona. Kazi hii ni halali na ni nzuri. Mwenye kutengeneza kitu anastahili kulipwa, na watu wanapenda kulipia kinachowafaa kuliko wakubwa wako wanavyodhani. Usiogope kuomba malipo. Omba mapema, omba wazi, kisha hakikisha wanaotaka kulipa wanaweza.

Kwa hiyo msinisumbue tena na swali la siku ngapi. Chukua simu ya kawaida isiyo na kadi ya benki, jisajili kwenye mfumo wako kama mtu wa bure, ingiza kazi zako halisi za wiki moja. Halafu jaribu mambo mawili: kulipa kwa simu hiyo hiyo, na kutoa vitu vyako vyote bila kulipa. Ukikwama popote, rekebisha hapo kwanza.